Ushahidi Si Ufufuo

Tarehe 12 Agosti 1883, kwaga jike alikufa katika bustani ya wanyama ya Artis, mjini Amsterdam. Kwaga alikuwa punda milia wa nyanda kavu za Afrika Kusini. Milia yake ilikolea kichwani na shingoni, ikafifia mabegani na ubavuni, na kuanzia hapo hadi mkiani alikuwa wa kahawia mtupu, mwenye miguu myeupe. Aliyekufa siku ile alikuwa wa mwisho duniani, wala hakuna aliyelijua hilo. Wenzake wa porini walikuwa wamekwisha kuuawa miaka michache kabla, kwa ajili ya ngozi zao na kwa sababu wafugaji hawakutaka wagombee malisho na kondoo. Na kwa kuwa wawindaji walimchanganya na punda milia wengine, kila mmoja alidhani kwamba mbele kidogo, upande wa bara, wako wengi. Mwaka 1984, baada ya karne nzima kupita, Russell Higuchi, Allan Wilson na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley waliandika katika jarida la Nature kwamba wamesoma herufi 229 za vinasaba vya kwaga, yaani DNA yake, kutoka kwenye nyama kavu iliyogandia ngozi ya makumbusho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mnyama aliyetoweka kusomwa urithi wake.

Tangu hapo elimu hii imekua kwa kasi. Leo wanasayansi husoma vinasaba vya mamothi, jamaa wa kale wa tembo, aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na hukusanya kutoka kwenye udongo mtupu athari za wanyama wasioacha hata mfupa. Pamoja na elimu imekua ahadi: kwamba anayeweza kumsoma aliyetoweka ataweza pia kumrudisha. Hoja yangu ni kwamba ahadi hiyo inaitwisha elimu hii mzigo usio wake, na inatufanya tusiuone ule ulio wake hasa. Vinasaba vya kale ni ushahidi. Vinatueleza aliyetoweka alikuwa nani, ndugu zake ni akina nani, na alidhoofika vipi kabla ya kwisha, na ushahidi huo una manufaa makubwa kwa wanyama walio hai. Lakini unategemea kitu ambacho hakuna maabara iwezayo kukitengeneza, nacho ni mabaki yaliyotunzwa, mara nyingi na mtu asiyejua yangekuja kufaa nini. Anayeikubali hoja hii hataishia kusubiri mamothi azaliwe upya. Atauliza tunatunza nini leo, tunakiandika wapi, na nani atakikuta kesho.

Kisa cha kwaga kinalionyesha hilo tangu mwanzo. Duniani zimebaki ngozi 23 tu za kwaga zinazojulikana, nyingi zikiwa katika makumbusho ya Ulaya. Reinhold Rau, fundi wa kukausha na kusimamisha wanyama katika makumbusho ya Cape Town, alipewa kazi ya kuzitengeneza upya zile za makumbusho ya Mainz, Ujerumani. Alipozifungua aligundua kwamba mafundi wa karne ya 19 hawakuzikwangua vizuri, kwani vipande vya nyama na mishipa vilikuwa vimekaukia kwa ndani. Fundi mwingine angevitupa. Rau alivihifadhi, na ndivyo vilivyofika Berkeley. Kabla ya hapo wataalamu walibishana: wengine walisema kwaga ni jamaa wa farasi, wengine walisema ni spishi ya pekee, wengine walisema ni punda milia tu. Herufi zile chache zilimweka miongoni mwa punda milia, na ulinganisho uliofuata ulionyesha kwamba hakuwa na tofauti ya maana na punda milia wa nyikani tunayemjua. Utafiti wa mwaka 2005, uliotumia ngozi na mifupa ya kwaga kadhaa, ulikadiria kwamba ukoo wake ulijitenga kati ya miaka 120,000 na 290,000 iliyopita, muda mfupi sana katika historia ya viumbe. Alikuwa tawi la kusini la spishi moja. Na kwa kuwa kanuni za kisayansi hulipa nafasi jina lililotangulia, spishi nzima sasa inaitwa Equus quagga. Punda milia wanaovuka Mto Mara kati ya Serengeti na Maasai Mara wanabeba jina la ndugu yao aliyewindwa hadi akatoweka.

Ili kuelewa kwa nini ushahidi huu unaaminika, inafaa kuutazama unavyopatikana. Mtafiti huingia chumba maalumu akiwa amevaa suti nzima, barakoa na glavu mbili mbili. Hewa ya chumba husukumwa kwenda nje ili vumbi lisiingie, na meza husafishwa kwa klorini na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mfupa hukwanguliwa tabaka la juu, kisha hutobolewa kwa keekee inayozunguka polepole, kwa sababu joto la msuguano huharibu kile kinachotafutwa. Unga unaopatikana hupimwa kwa miligramu, ukalowekwa kwenye kimiminika kinachoondoa kalisi na kumeng'enya protini, na vinasaba vinavyobaki hunaswa kwa silika. Kinachonaswa ni vipande vifupi mno, aghalabu vya herufi chini ya 100, vilivyochanganyika na vinasaba vya bakteria na kuvu waliougugunia mfupa huo ardhini. Kompyuta huvipanga kwa kuvilinganisha na jenomu, yaani vinasaba vyote kwa jumla, ya jamaa aliye hai, kama mfinyanzi anayeunganisha vigae vya chungu kilichovunjika huku akitazama chungu kizima cha aina ile ile. Mahali ambapo kielelezo hakina mchoro huo, vigae hubaki bila pa kukaa. Kwa sababu hiyo jenomu nyingi za waliotoweka, hata zile zinazotangazwa kuwa zimekamilika, zina mapengo.

Jambo linalonigusa zaidi katika kazi hii ni namna ya kumtambua shahidi wa kweli. Vinasaba vina herufi nne, A, C, G na T. Miaka inapopita, maji na joto huibadili C kikemia hata mashine ikaisoma kama T, na badiliko hilo hujazana kwenye ncha za vipande, pale nyuzi zilipokatika. Vinasaba vya mtu aliyeushika mfupa jana havina alama hiyo, lakini vya mnyama aliyekufa miaka elfu kumi iliyopita vinayo. Uharibifu ambao mtu angeuona ni hasara tupu ndio unaothibitisha kwamba kilichosomwa ni cha kale. Kanuni hii haikupatikana bure. Mwaka 1985 Svante Pääbo alitangaza kuwa amepata vinasaba vya mumiani wa Misri, na baadaye ikaonekana kwamba huenda vilikuwa vya watu wa siku hizi walioishika maiti ile. Mwaka 1994 jarida la Science lilichapisha habari za vinasaba kutoka mifupa ya miaka milioni 80 iliyopatikana Utah, Marekani, na wachunguzi wengine wakaonyesha kwamba vilikuwa vya binadamu. Waliodai kusoma wadudu walionaswa ndani ya kaharabu kwa makumi ya mamilioni ya miaka nao hawakuweza kuthibitishwa, kwa kuwa maabara nyingine zilipojaribu kurudia hazikupata kitu. Badala ya kuyaficha makosa hayo, wanataaluma waliyageuza kuwa masharti ya kazi. Pääbo mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosimamia masharti hayo kwa ukali, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa jenomu za jamaa wa binadamu waliotoweka.

Ushahidi huu una mipaka, na mipaka hiyo inatuhusu sana sisi wa ukanda wa joto. Mwaka 2012 watafiti walichunguza mifupa 158 ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliotoweka. Waligundua kwamba katika joto la wastani la nyuzi 13.1, nusu ya vipande vyenye urefu wa herufi 242 huwa vimekatika kila baada ya miaka 521. Walikadiria kwamba hata katika baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, baada ya miaka milioni 6.8 hakuna kiungo cha vinasaba kitakachobaki kizima. Ndiyo maana mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913 na vibarua Waafrika chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, ikabebwa hadi pwani na kupelekwa Berlin, haitatoa vinasaba kamwe. Ina umri wa takriban miaka milioni 150. Walioishi baridini wamepata bahati. Mwaka 2021 timu iliyoongozwa na watafiti wa Stockholm ilisoma mamothi wa Siberia waliopita umri wa miaka milioni moja, na mwaka uliofuata udongo wa Kap København, kaskazini mwa Greenland, ukatoa vinasaba vya mastodoni na viumbe wengine wa miaka milioni mbili iliyopita. Inafaa kukumbuka yalikotoka mabaki hayo. Magego ya mamothi yale yalikusanywa na Mrusi Andrei Sher miaka ya 1970, na udongo wa Greenland ulikaa Copenhagen tangu mwaka 2006 ukisubiri mbinu za kuusoma. Kila ushindi uliotangazwa na maabara ulitanguliwa na miaka mingi ya stoo.

Kwetu joto limefuta sehemu kubwa ya maandishi, ila halikufuta yote. Protini hudumu kuliko vinasaba, ingawa husimulia machache zaidi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 3.8, yamehifadhi vipande vya protini ndani ya madini yake. Mwaka 2025 watafiti walieleza protini zilizopatikana ndani ya enameli ya meno ya wanyama wa kale wa Bonde la Turkana, Kenya, baadhi wakiwa na umri wa hadi miaka milioni 18. Haya yanapinga ule usemi kwamba Afrika haina cha kuchangia kwa kuwa ni ya joto. Lakini yanatuachia wajibu ulio wazi. Kwa kuwa ardhi yetu inahifadhi vinasaba kwa muda mfupi kuliko ya Siberia, kila ngozi, jino na fuvu lililookolewa katika karne mbili zilizopita lina thamani kubwa zaidi kwetu kuliko lingekuwa nayo kule.

Je, ushahidi huu umesema nini cha kutufaa? Umesahihisha kwanza nasaba. Dodo wa Mauritius, aliyekuwa na umbo la kuchekesha machoni mwa mabaharia, alithibitishwa mwaka 2002 kuwa wa ukoo wa njiwa, na jamaa yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nicobar. Ndege mkubwa kupita wote wa Madagaska, yule ambaye mayai yake yalizidi ya mbuni mara kadhaa, alionyeshwa mwaka 2014 kuwa ndugu wa karibu wa kiwi, ndege mdogo wa New Zealand, kuliko wa mbuni wa Afrika aliye jirani yake. Lakini fundisho zito zaidi linatoka Kisiwa cha Wrangel, kwenye bahari ya Aktiki. Bahari ilipopanda miaka takriban 10,000 iliyopita, mamothi wachache walibaki wamezingirwa huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha kwamba kundi zima lilitokana na mamothi wasiozidi 8, likaongezeka ndani ya vizazi 20 hadi kati ya 200 na 300, kisha likadumu miaka 6,000 kabla ya kutoweka ghafla. Katika muda huo wote vinasaba vyao vilibeba kovu la uchache ule. Makosa mabaya sana ya urithi yalichujwa polepole, lakini yale madogo madogo yaliendelea kurundikana kizazi baada ya kizazi. Idadi ilikuwa imepona, ila urithi haukupona.

Mamothi wa Wrangel si hadithi ya mbali kwa anayewajua simba wa Ngorongoro. Mwaka 1962 mlipuko wa nzi waumao ulipunguza simba wa kreta ile hadi takriban 10. Waliongezeka tena, lakini kwa sehemu kubwa ni wazao wa hao wachache na wa madume wachache walioingia kutoka nje. Anayehesabu vichwa tu atasema hali ni njema. Aliyesoma ushahidi wa Wrangel atauliza swali la pili, je, njia ya madume wapya kuingia ipo wazi, au mashamba na makazi yameizingira kreta kama bahari ilivyozingira kisiwa? Hapa waliotoweka wanawatetea walio hai kwa namna ambayo hakuna mtaalamu angeweza kubuni, kwa sababu hakuna mtu awezaye kufanya jaribio la miaka 6,000. Mamothi walilifanya, wakatuachia matokeo kwenye mifupa na meno yao.

Sasa nijibu wanaopinga. Pingamizi la kwanza, na lenye mvuto kuliko yote, ni kwamba ninadunisha elimu hii. Wanaoleta hoja hii wanasema kwamba kama tunaweza kusoma tunaweza kuandika, na kama binadamu ndiye aliyeua, basi ana deni la kurudisha. Naliheshimu deni hilo. Lakini tuangalie kilichofanyika. Mwaka 2003, nchini Uhispania, alizaliwa kloni wa bukado, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees ambaye wa mwisho wake alikufa Januari 2000. Alikufa dakika chache baada ya kuzaliwa kwa kasoro ya mapafu. Na huyo hakutokana na vinasaba vya kale. Alitokana na seli zilizochukuliwa kwa mnyama aliye hai na kugandishwa zikiwa nzima. Aprili 2025 kampuni ya Colossal Biosciences ya Marekani ilitangaza kurudi kwa mbwamwitu wa kale aliyetoweka mwishoni mwa enzi ya barafu. Walichozaa ni mbwamwitu wa kijivu wa leo aliyebadilishwa mahali 20 kwenye jeni 14, katika jenomu yenye herufi zaidi ya bilioni mbili. Utafiti wa mwaka 2021 ulikuwa umekadiria kwamba koo hizo mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni tano iliyopita. Wataalamu wa jamii ya mbwa wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, walisema wazi kwamba wanyama hao si wale waliotoweka. Nakubaliana nao. Ufundi uliotumika ni mkubwa na unastahili sifa, ila jina walilopewa wanyama hao si lao.

Hata mradi wa kwaga wenyewe, ulioanzishwa na Rau mwaka 1987 huko Afrika Kusini, unafundisha hivyo. Kwa kuchagua punda milia wenye milia michache na kuwazalisha kizazi baada ya kizazi, umepata wanyama wanaofanana sana na picha za kwaga. Mradi huu ni wa unyoofu kuliko kelele za makampuni, kwa sababu unatumia wanyama wa spishi ile ile na haufichi unachofanya. Lakini ufanano wa ngozi ni jambo moja, na urithi uliojengeka kwa zaidi ya miaka laki moja katika baridi na ukame wa kusini ni jambo jingine. Hatujui kwaga alikuwa na kinga gani dhidi ya maradhi, alihamaje, aliwafundisha nini watoto wake. Mambo ya mwisho hayamo hata kwenye vinasaba. Mnyama hujifunza kutoka kwa kundi, na kundi likishakatika mnyororo wa mafunzo umekatika. Hilo ndilo ambalo wanaoahidi kufufua hawalitaji, na ndilo linalonifanya niogope ahadi yao. Waziri au mwekezaji akiamini kwamba kutoweka kunaweza kubatilishwa, ataona uzito gani wa kuzuia barabara isikate ushoroba, au shamba lisimeze chanzo cha maji?

Kuna hali moja ambapo maabara inapigania uzao wenyewe, nayo ipo Kenya. Sudan, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, alikufa tarehe 19 Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Wanasayansi wamechukua mayai ya Fatu, wakayarutubisha kwa mbegu za madume zilizogandishwa kabla hawajafa, na wamehifadhi viinitete ili vipandikizwe kwa majike wa faru weupe wa kusini. Naunga mkono juhudi hizo kwa moyo wote. Lakini zina matumaini kwa sababu bado kuna mayai, seli zilizo hai na mama wawili ambao ndama anaweza kujifunza kwao. Vinasaba vya kale vina nafasi yao hapo, kwa kuwa mafuvu na ngozi za makumbusho huonyesha kundi la zamani lilikuwa na utajiri gani wa urithi na ni kiasi gani kimebaki kwenye akiba ya seli. Mafuvu yanatoa kipimo cha hasara, na dawa, kama ipo, imo katika vile vilivyogandishwa vikiwa hai.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wenye uchungu na nchi zao. Kwa nini taifa linalohangaika na dawa na madarasa lishughulike na mifupa ya wanyama waliokwisha? Hili ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba ujuzi huu hauishii kwa waliokufa zamani. Mbinu za kutoa vinasaba kwenye mfupa na jino hutumika pia kwenye pembe za ndovu. Samuel Wasser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya vinasaba kutoka kwenye kinyesi cha tembo sehemu nyingi za Afrika, wakatengeneza ramani, kisha wakasoma pembe zilizokamatwa katika shehena za nusu tani au zaidi. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa nyika zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Katika miaka hiyo hiyo, tembo wa mfumo wa Selous na Mikumi walishuka kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Wakati shehena zilipokuwa zikikamatwa bandarini bila kujulikana zilitoka wapi, vinasaba vya tembo waliokufa vilielekeza kidole mahali pa kuimarisha ulinzi. Nchi inayokosa wataalamu wa kusoma ushahidi huo itaendelea kusubiri wengine waiambie wizi umefanyika chumba gani cha nyumba yake.

Pingamizi la tatu ni la watunza makumbusho, nami nalipa uzito mkubwa kuliko mengine. Kila sampuli ni tundu. Mfupa uliotobolewa hautarudi kuwa mzima, na teknolojia ya leo inaweza kuwa duni mbele ya ile ya baada ya miaka 20. Aidha, kwa muda mrefu mifupa imetoka Afrika na majina ya waandishi yametoka kwingine. Pingamizi hili linaunga mkono hoja yangu badala ya kuipunguza nguvu. Kama vinasaba vingekuwa mbegu ya kufufua, tundu moja zaidi lingekuwa gharama ndogo. Kwa kuwa ni ushahidi, lazima vitumiwe kama ushahidi unavyotumiwa mahakamani, yaani kwa idhini, kwa kumbukumbu, kwa kiasi kidogo kinachotosha, na kwa kuacha akiba kwa ajili ya rufaa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi msingi wa kudai makubaliano na mgawo wa manufaa kwa rasilimali za kijenetiki. Lakini hakuna nchi inayoweza kudai kwa ukamilifu kitu ambacho haijakiorodhesha.

Tumtazame chui wa Unguja. R. I. Pocock alimpa jina la kisayansi mwaka 1932, kutokana na umbo lake dogo na madoa yake madogo madogo. Kwa kuwa iliaminika kwamba wachawi humfuga na kumtuma, baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kumwangamiza. Wengi wanaamini amekwisha, ingawa hadi leo wapo wakazi wa vijijini wanaosema wamemwona. Vielelezo vyake duniani ni vichache mno, na mmoja aliyekaushwa amehifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar kwenyewe. Alikuwa tawi la pekee lililojengeka tangu bahari ilipokitenga kisiwa na bara, au chui wa bara aliyepungua umbo tu? Ndugu zake wa karibu ni chui wa eneo gani la pwani? Maswali haya hayajibiwi kwa ubishi. Yanajibiwa kwa ngozi ambazo unyevunyevu na wadudu wa stoo wanaweza kuzimaliza, katika kisiwa chenye joto na chumvi hewani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwaga alipotea hivyo. Chui huyu bado ana ngozi, na kwa hiyo bado ana ushahidi wa kutoa.

Yatupasayo kufanya, basi, yanajulikana na yako ndani ya uwezo wetu. Makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na Kampala yaorodheshe kila ngozi, fuvu na jino, pamoja na tarehe na mahali lilikotoka, na nakala ya orodha iwekwe mahali pa pili. Idara za wanyamapori zihifadhi vipande vya tishu vya kila tembo, faru, simba na mbwamwitu anayekufa mikononi mwao, badala ya kuzika kila kitu au kuchoma kila kitu. Vyuo vikuu vyetu vifundishe vijana kusoma vinasaba hivi hapa hapa, na mikataba na watafiti wa nje itaje kwa maandishi nani atafunzwa, nani ataandika, na sampuli zitarudi lini. Wahariri waache kuandika kwamba fulani amefufuka wakati aliyezaliwa ni mwingine. Na wewe msomaji, ukiingia makumbusho ya mji wako, mwulize mtunzaji daftari la vielelezo liko wapi na mara ya mwisho lilikaguliwa lini. Akikosa jibu, peleka swali hilo kwa mbunge au mwakilishi wako, tena peleka kwa maandishi.